Abigaël hasemake inauma

Siku ya kazi tatu, 12 mwezi wa tatu 2025
Mutoto mupya mu bloc ya operesheni. Abigaël, miaka sita, wa Musonoi. Mafuta ya kukaanga mikate ilimumwangikia mapaja yote mbili. Masikini! Kila siku chache mi namulalisha na dawa, docteur Lukusa anabadilisha pansement ya vidonda. Na kazi yangu ni kuchunga kama maumivu inamufikia mule mu usingizi. Mwenye kulala hawezi kusema aïe, basi naangalia moyo mu mashine.

Leo, kuvuta compresse ya ku kidonda tu — moyo mbio! Nikasema: docteur, simama. Akasimama pale pale. Nikaongeza dawa, ikashuka. Lakini chozi moja ilikuwa imeshatoka. Niliipanguza na kidole.

Alipoamuka nikamuuliza: ulisikia maumivu? Hapana, tantine. Aksanti. Adabu gani hii!

Siku ya posho, 15
Moyo juu tena. Jasho mu uso. Docteur akaniuliza: anasikia ao hapana? Sijui! Kuongeza dawa sana, pumzi inaweza kusimama. Kuiacha hivi, labda tunamutesa na sisi tunamuangalia. Niliogopa kabisa. Alipoamuka nikamuuliza mutoto mwenyewe.

Hapana, tantine. Aksanti.

Kazi moya, 17
Mama yake, mama Ntumba, ananiambia mu corridor, na furaha yake yote: mama Josée, huyu haliake mbele ya bakubwa. Nilimufundisha — bakikuuliza, sema hapana, sema aksanti. Batu banachokaka na mutoto wa kulia-lia.

Wee! Mujinga ni mi. Si mi pia nililelewa vile? Nilizaa mutoto wangu wa kwanza kimya, batantine bakanisifu. Na mutoto wa vile njo namuuliza kama nilimuumiza! Atajibu nini ingine?

Sikumukasirikia mama. Anamupenda sana, inaonekana. Tukaingia kwake, nikakaa ku kitanda: Abigaël, moyo yako inanisemesha, lakini haina maneno. Unisaidie. Ikiuma, ulie. Hata unitukane. Akamutazama mama yake. Mama akaangalia chini.

Kazi ine, 20
Leo nilitoa dawa mapema, mbele compresse iguswe. Moyo pole pole — kisha, karibu na mwisho, ikapanda kidogo. Inatosha ao haitoshi?

Ameamuka na kilio! Salle yote ya bagonjwa imegeuka. Tantine mubaya! Mama Ntumba mbio na mukono, amufunge mulomo: pardon, mama Josée, pardon. Acha, mama, acha aseme! Na mi machozi inanitoka. Wapi, mwana? Sasa, ao wakati ulikuwa umelala?

Anamutazama mama yake tena. Mama, sauti ndogo sana: sema yote, mwanangu.

Leo, mu usingizi, ilikuwa kidogo, tantine. Ile siku zingine njo iliuma sana.

Docteur ameondoa gants ku mikono, amekaa ku kitanda ya jirani. Kazi moya ya juma ijayo tunamulalisha tena, docteur anataka nimuambie nitatoa dawa kiasi gani. Abigaël hajaacha blouse yangu ya kazi. Analia pole pole, na mama yake anamuuliza: na ile siku ya kwanza, ulisikia nini?