Gari Inarudi Bila Yaya Kambale

Mama,

Unisalimie bote kule Rughenda. Huku Mavivi jua inachoma. Koti uliyonivalisha nimeifunga mu kiuno.

Usimugombeze dereva: anarudi bila mutoto wako, yaya Kambale. Tumemuzika hapa hapa. Ile dini yake ya Bahai haikubali maiti ibebwe kupita safari ya saa moja, na barabara ya kurudi kwetu Butembo unaijua, inapita saa moja. Niligombana na mujane wake, Masika, mbele ya batu: "Mama alimuzaa, Mama anamungoja!" Masika akaniketisha, akaniwekea bugali na mboga ya sombe, akasema: "Shemeki, mutoto mu tumbo anaota macho, na mule hakuna kitu ya kuona. Akizaliwa ndio anajua ilikuwa ya nini. Huruma ya Kambale ilikomaa huku duniani, lakini kazi yake kubwa iko kule. Sasa unataka tumurudishe mu tumbo?"

Nikakula yote.

Ku kaburi mutu moja alisoma sala, sisi bote tumesimama kimya. Nilifanya alama ya musalaba, hakuna mutu alinikataza. Nilitoka pale roho imetulia, Mama, na sisemi hivyo ju ya kukubembeleza.

Blanketi uliyotuma ya kumufunika mu njia, dereva anayo. Ujifunike nayo vizuri, baridi ya kwetu naijua. Yaya haihitaji tena. Alishafika.

Binti yako,
Kahindo