Aliyejibu "Ndiyo"

Watoto, na wewe Baba yao,

Chakula kiko kwenye sufuria kubwa, kipasheni moto. Mvua ikianza, anueni nguo.

Sasa sikilizeni. Asubuhi nimefungua kompyuta nichapishe barua yangu ya kuomba ile kazi ya ukunga kule mbali. Haipo! Hata kwenye pipa la taka la kompyuta haipo, imefutwa moja kwa moja. Njia hiyo niliwafundisha mwenyewe, maana mashine yetu imezeeka na inajaa upesi. Basi msiniambie mkono uliteleza. Kompyuta huuliza kwanza kama una uhakika, na mtu humu ndani alijibu ndiyo.

Kiti nimekikuta kimeshushwa hadi chini. Kitindamimba, kikiwa juu miguu yako haifiki sakafuni. Lakini hata baba yako jana alikuwa mpole kupita kiasi, mpaka vyombo akaosha bila kuombwa.

~~Aliyefuta asile.~~ Kuleni wote.

Barua nimeiandika upya kwa mkono, ndiyo hii naipeleka. Nikirudi mnikumbatie mmoja mmoja. Atakayechelewa kuniachia, ndiye.

Mama