Jibu Lililotoka Chini ya Dirisha

Nyumba za Relwe, Voi
Jumapili, baada ya ibada

Mdogo wangu Mwakio,

Pokea salamu kutoka huku kwenye joto. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba ukungu wa Werugha haujakurudishia kile kikohozi chako. Hali yangu sitakuficha. Kifua kimenishinda. Mwanangu akitoka kazini huniegemeza ukutani, ndipo naweza kushika kalamu. Dresa wa zahanati ya hapa huniambia nipumzike, lakini haniambii nitapona. Nimemwelewa.

Barua yako nimeisoma na kuirudia. Unasema mtihani wa darasa la nne umekaribia na watoto wamepoa: wanapiga miayo, wanaitikia bila kujua wanaitikia nini, wengine wanajificha migombani asubuhi wasije shule. Unauliza niliwezaje kufaulisha wengi hata mkaguzi akanisifu mbele ya wazee. Tena umeamua kufanya kama mimi, kuwatoa wazito wakalinde shamba la shule kabla hujapeleka majina, akiwemo mtoto wa Mkamburi, "mzito kama mama yake."

Mwakio, neno hilo ulilipata kwangu. Acha nikueleze lilikotoka, maana sidhani nitapata nafasi nyingine.

Nilipoanza kufundisha, hesabu tulifanyia mferejini. Tulipima kwa fimbo jinsi bwawa lilivyojaa, tukagawa maji kwa mashamba yenye zamu, na watoto waligombania kutoa jibu. Lakini msimu wa mtihani ulipofika niliingiwa na hofu. Nilifunga mlango, nikawaimbisha majibu ya mitihani iliyopita kutwa nzima. Na kwa kuwa sifa ya mwalimu ilitoka kwa waliofanya mtihani tu, nilibaki na wepesi. Wengine niliwapeleka shambani kuwinga nyani, maana ndio wakati mbegu za vuli ziko ardhini na nyani wanazifukua. Wazazi niliwaambia watoto wanalinda kwa zamu. Hakukuwa na zamu. Walikuwa walewale kila siku.

Mkamburi alikuwa mmoja wao. Mkono wake ulikuwa wa polepole kuandika, basi. Hakuwa na kosa lingine.

Asubuhi moja niliuliza swali la kugawa. Darasa lote kimya. Nikarudia kwa ukali. Jibu likatoka nje, chini ya dirisha, kwa sauti nyembamba:

"Kila mmoja atapata saba, Mwalimu, na moja itabaki."

Watoto waliokuwa wakisinzia wakaangua kicheko. "Nyani amejibu!" mmoja akapaza sauti. "Mpe chaki, Mwalimu!"

Jibu lilikuwa sahihi. Nilitoka nje nikijua hivyo. Mkamburi alikuwa amechuchumaa ukutani, kijiti mkononi, mchanga mbele yake umejaa tarakimu. Kule shambani nyani walikuwa wanafukua kama wameajiriwa.

"Nilikutuma kufanya nini?"

"Kuwinga nyani, Mwalimu."

"Na hapa unafanya nini?"

"Nasoma."

Nikamchapa mbele ya wenzake kwa ajili ya mahindi. Kesho yake hakuja, wala hakuja tena. Mama yake alipofika kuniuliza, nilimwambia binti yake ni mzito, amsaidie kazi za nyumbani tu. Nilisema hivyo nikijua si kweli. Majina yalikuwa yameshapelekwa, nami niliona haya kumwendea mkaguzi na kusema nimekosea kuchagua. Mwaka huo ndio niliosifiwa.

Juzi Mkamburi alikuja kuniona. Huteremka na lori la mboga kuuza kabichi sokoni hapa. Aliingia na chupa ya maziwa.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimeambiwa unaumwa."

"Marahaba, mwanangu. Habari za mlimani?"

"Nzuri. Nyani wanakusalimu," akasema, akacheka. Mimi kicheko kilinikataa. Akaweka chupa mezani, akaniangalia. "Mwanangu yuko darasa la ndugu yako. Nasikia atatolewa nje. Kama ni lazima, basi awekwe upande wa dirisha. Pale mtu husikia vizuri."

Nilimshukuru kwa maziwa. Akaondoka kuwahi lori.

Kwa hiyo njia yangu usiifuate. Ukiwa na hamu ya kutoa watoto nje, watoe wote, na wewe ukiwa nao. Mistari ya shamba ni vipimo, mashimo ya mbegu ni kuzidisha na kugawa. Waache waulizane, wabishane, wakosee, wacheke. Anayebishana hapigi miayo. Mazoezi ya kuandika wafanye kidogo kila asubuhi, na wanaochelewa uwasubiri. Kisha peleka majina yote. Wakianguka baadhi yao, mkaguzi akikukaripia, utavumilia. Mimi nilisifiwa, na unaona nilivyo. Nyani wakija, wafukuzeni nyote pamoja, halafu mrudi kwenye hesabu.

Nisalimie shemeji, umwambie viazi vyake vilifika. Msalimie dada yetu mkubwa, na mzee wa kanisa anayenikumbuka katika sala. Mkamburi usimpelekee salamu tupu. Nenda nyumbani kwake mwenyewe, umwambie mbele ya mtoto wake kwamba siku ile nilimsikia, na jibu lilikuwa sahihi.

Ni mimi kaka yako, niliyekufundisha kusoma,

Mwandoe