Mama alienda kuona nyumba zake

Ndindi, mama amerudi kutoka mtaa wa Lucky Summer. Ameketi hapa, viatu bado viko mguuni, chai imepoa.

Unajua zile nyumba zake nane za kukodisha. Tangu azijenge amemwachia caretaker, yule Bwire, kila kitu. Akipiga simu, Bwire husema, "Ziko sawa, mathe." Leo akaenda bila kumwambia.

Wapangaji hawamjui. Mmoja, Asenath, alimwona akichungulia chumba kilicho wazi, akadhani anatafuta nyumba. Akamshika mkono. "Dada, usihamie hapa."

Ndindi, aliambiwa hivyo mlangoni pa nyumba yake mwenyewe.

Akazungushwa ploti yote. Mabati yanavuja. Choo ni kimoja na hakina komeo, ukiingia unakohoa mpaka umalize, ndio watu wajue kuna mtu. "Tumemwambia Bwire tukachoka. Mwenye nyumba hana haja na sisi."

Mama alitaka kusema ni yeye. Anasema mdomo ulikataa.

Halafu akabanwa, ikabidi aingie choo hicho hicho. Na akakohoa. Ndindi, mama, mwenyekiti wa akina mama kanisani, alikohoa humo ndani, Asenath akiwa nje anamlindia mlango.

Wakiagana, Asenath akachukua namba yake. "Ukipata pazuri uniambie, tuhame pamoja."

Sasa hivi simu imelia. Ni ujumbe wa Asenath: "Dada, umepata nyumba?"

Mama amemwandikia, "Bado natafuta."