Nimefika Mji Unaoitwa Uji

Louisville, Novemba 2016

Kwa Dada Riziki,

Pokea salamu za mdogo wako Asukulu. Hujambo? Watoto hawajambo? Kile kifua kilichokuwa kinakubana wakati wa vumbi kimetulia? Nauliza kama mtu anayetarajia kujibiwa, ingawa hii ni barua ya nne. Zile tatu Mchungaji aliniambia alikukabidhi mkononi, ukazikunja, ukaendelea kuchambua maharage.

Mimi ni mzima wa mwili tu. Buffalo, tulikopokelewa kwanza huku ng'ambo, theluji ilitushinda, nikamhamishia Mama Columbus kwa watu wa kanisa letu, halafu nikaja peke yangu huku Louisville kutafuta kazi. Niko kwenye kiwanda kimoja cha Jeffersontown, tunatengeneza vipuri vya magari. Wenye kiwanda ni Wajapani, na mwezi uliopita walinipeleka kwao wiki mbili kujifunza mashine mpya. Usidhani najisifu. Nilikwenda na moyo mzito, nimerudi nao mzito zaidi.

Jumapili moja mwalimu wetu wa mashine, mzee Tanabe, alinipandisha treni twende kuona mji wa kale. Tuliposhuka nikasoma bango la stesheni: Uji. Dada, nilicheka mpaka mzee wa watu akashtuka. Nikamweleza kwa Kiingereza changu cha kuchechemea kwamba kwetu hicho ni chakula cha asubuhi. Naye akacheka. Halafu kicheko kikanigeuka, nikalia mbele za watu, mtu mzima mimi. Nilikuwa nimekumbuka kikombe chako cha bati kule kambini Kigoma. Unakunywa mafunda mawili, unanisogezea: "Maliza, miye nimeshiba." Hukuwa umeshiba hata siku moja.

Mzee alidhani naumwa. Akaniketisha karibu na daraja, penye sanamu ya mwanamke aliyeshika karatasi ndefu. Akaniambia huyo aliandika kitabu miaka elfu iliyopita, na sehemu ya mwisho ya kitabu hicho ni habari za mji huu. Kuna mwanamke aliyeumizwa akajitenga na watu. Mdogo wake anatumwa ampelekee barua. Mwanamke hajibu, hata kuonana na mdogo wake anakataa.

"Halafu?" nikamuuliza.

"Halafu basi. Kitabu kimeisha."

Nilitaka kumwambia hawezi kuwa amekisoma vizuri. Chai yao ya kijani aliyoninunulia ikapoa mbele yangu, sikuweza hata kuionja.

Dada, ile siku ya mahojiano ya kuhamishwa kambini kuja huku nimeirudia kichwani mpaka imechakaa. Mama alikuwa ameshasema wewe ni mtoto wake. Nikaingia mimi, nikaulizwa: huyu Riziki, ni baba mmoja, mama mmoja? Watu kambini walikuwa wametuonya kwamba faili la mwongo linafungwa. Niliogopa. Nikasema hapana, ni mtoto wa baba mkubwa. Kwetu nani anauliza hivyo? Umelelewa nyumbani kwetu tangu hujaota meno. Lakini sentensi ile ilitosha, wakakata jina lako. Na wewe ulikuwa kwenye benchi, nyuma ya turubai, unasikia kila neno. Nilipotoka uliniuliza, "Donc, kwa hiyo miye si dada yako tena?" Nikatazama viatu vyangu. Mpaka leo sijakujibu.

Mama anaisha. Figo zimekataa, wanamsafisha damu kwa mashine, na madaktari siku hizi wanaongea naye kwa upole sana. Kila nikimpigia simu, swali lake ni moja: "Bon, Riziki ashaandika?" Juzi nilimwambia nimetoka Japani. "Unafika mpaka kwa Bajapone," akasema, "na kwa mutoto wangu unashindwa?"

Ningeweza kusingizia likizo, au vibali vya kuingia kambini. Kweli ni kwamba naogopa utanigeuzia mgongo. Sikuombi unisamehe, hilo nimeshalikatia tamaa. Mpigie Mama tu, asikie sauti yako angali anaitambua. Namba yake haijabadilika.

Nisalimie shemeji, fundi wetu wa baiskeli, na binti yako uliyempa jina la Mama. Mchungaji naye umshukuru kwa kubeba barua hii, hata kama ataondoka tena mikono mitupu.

Jambo moja limebaki. Kabla sijasafiri kwenda Japani, kiwandani walinipa fomu niandike mtu wa kupewa habari nikifia huko. Nikaandika jina lako. Penye uhusiano nikaandika: dada. Karani akasoma, akapiga muhuri, akaniambia safari njema. Hakuniuliza baba mmoja, mama mmoja.

Mdogo wako,
Asukulu