Risasi za Mananasi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Najulikana mtaani kama Mama Pacha. Umri: miaka 36. Kazi: fundi cherehani. Makazi: nyumba ya kona, nyuma ya kiwanda cha matofali.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, saa 4:00 asubuhi, mimi na mama mkwe wangu tulianza kuhifadhi mananasi kwenye chupa, jikoni kwake. Mara mbili zilizopita yalichacha. Safari hii aliapa kwamba ikigoma hata chupa moja, sufuria yake ataigawa na hatahifadhi tena tunda lolote. Ana miaka 71 na kiburi chake hakijazeeka. Kazi hii ndiyo raha yake, na mimi nilikuwa na hofu kuliko yeye.

Tulimenya, tukajaza chupa kumi na mbili, tukazichemsha. Saa 8:00 mchana tulizitoa zipoe. Chupa ikishika vizuri, kifuniko huvutwa ndani na kulia ta. Masikio ya mama ni mazito, kwa hiyo alizipanga juu ya pipa tupu la bati ili mlio uvume. Hilo ndilo lililotuponza.

Saa 8:25 ya kwanza ililia, pipa likanguruma, mama akacheza. Jirani yetu, mlinzi mstaafu ambaye hata mlango ukijibamiza huingia uvunguni, akawapigia polisi simu kwamba kwetu kuna risasi.

Saa 8:50 askari wawili waliingia, wakatuamuru tulale chini. Tukalala. Chupa zikaendelea kulia, na mama, kifudifudi vilevile, akawa anahesabu kwa sauti. Askari mmoja akamwambia anyamaze.

"Mwanangu, usinichanganyie hesabu," alimjibu. "Hiyo ni ya tisa."

Ilipofika ya kumi na moja, askari naye alikuwa anahesabu.

Ya kumi na mbili ilikataa. Waliichukua kuwa kielelezo, nasi tukaja nayo hapa kituoni. Nimecheka mpaka mbavu zinauma, lakini mama tangu tutoke nyumbani anauliza nani apewe sufuria, na ninamwonea huruma.

Niliyoyaona ni hayo. Nimesomewa, nimeyakubali.

Sahihi: (ametia)

Maelezo yameandikwa nami, koplo wa zamu, saa 10:15 jioni. Wakati shahidi akitia sahihi, kielelezo kimelia mezani kwangu. Mama mkwe wake hakusikia. Nimemshika kidole nikakiweka juu ya kifuniko, amebonyeza, hakikubonyea: kimeshika. Amepiga vigelegele hadi mkuu wa kituo akatoka ofisini. Hakuna kosa lililotendeka. Mwenye mali ameagiza chupa ifunguliwe papo hapo. Kielelezo hakipo tena.