Baldur na Nduguye Kipofu

Jumatatu, 2 Novemba 1931

Tumemzika Isleifur. Miaka ishirini na miwili tu! Ardhi imeganda, kaburi limechimbwa siku mbili. Mchungaji alisema mengi juu ya ufufuo — sikushika hata neno. Nilikuwa namtazama Hallvardur. Alisimama nyuma kabisa, kando ya farasi, kama mpita njia aliyekuta msiba wa watu. Hakuna aliyemwita aje mbele kumzika kaka yake. Hata mimi. Mimi mama yake!

Jumatano, 4 Novemba

Leo Hallvardur kanieleza mwenyewe. Walikuwa mlimani wakiwinda kware wa huku, wanaogeuka weupe wakati wa baridi, ukungu ukashuka ghafla, wakapoteana. Akaona kitu cheupe kinacheza kwenye mawe. Akadhani ni kware. Akafyatua.

Ilikuwa kofia ya Isleifur. Nimeifuma mimi, kwa sufu nyeupe.

Hili la kofia sijamwambia mtu.

Ijumaa, 6 Novemba

Oddgeir hasemi na mwanawe. Siagi iko mbele ya Hallvardur, lakini ananiomba mimi. Nikamwambia, mume wangu, mtoto huyu anakwisha. Kanijibu kuwa aliyekwisha yuko makaburini, chini ya theluji. Kisha akatoka kwenda kwa kondoo.

Jumapili, 8 Novemba

Theluji kutwa. Tumekaa sote ndani. Mara mama mkwe, huku anafuma, akaanza habari za Baldur, mwana wa Odin mkuu wa miungu ya kale, aliyependwa kuliko miungu yote. Kwamba aliyemuua ni ndugu yake Hodur, kipofu. Loki, mungu mwenye hila, alimtia mkononi kijiti pekee kilichoweza kumuua Baldur, akamwelekezea, naye akarusha. Hakujua anamrushia nani.

Oddgeir akasema, "Mama, hadithi za wapagani hizo. Leo Jumapili."

"Nyamaza, nimekuzaa mimi! Sijamaliza."

Akaendelea. Kuzimu wakasema: kila kitu kikimlilia Baldur, atarudi. Vikalia vyote, hata mawe, hata chuma. Jitu moja tu la kike, pangoni, likakataa. Basi hakurudi.

"Ila dunia ikishateketea," akasema, "nchi itachomoza tena baharini, mbichi, ina majani. Hapo atarudi. Na Hodur atarudi naye. Watakaa pamoja nyumbani kwa baba yao."

Hallvardur aliinua uso. Mara ya kwanza tangu siku ile! Oddgeir akachukua taa, akaenda kulala. Saa moja haijafika.

Jumanne, 10 Novemba

Hallvardur anaondoka keshokutwa. Anashuka pwani kutafuta kazi kwenye mashua za samaki. Nimemsihi, wapi!

Jioni kaniuliza: "Mama, lile la bibi ni kweli?"

"Lipi?"

"Kwamba hata yule kipofu anarudi."

Nikasema kula kwanza, supu inapoa. Mungu nisamehe. Kwa nini sikusema ndiyo?

Alhamisi, 12 Novemba

Kaniaga asubuhi, kambusu bibi yake, kabeba mfuko wake, katoka. Baba yake alikuwa amemgeuzia mgongo, anachochea jiko kwa chuma. Mlango ulipofungwa akatupa kile chuma chini — kelele! — akatoka mbio, bila koti, bila kofia.

Naandika nimesimama dirishani. Amemkuta langoni. Kashika mkanda wa mfuko. Hallvardur hageuki, anatazama njia ya pwani. Mama mkwe ananiuliza wanasema nini. Sisikii, upepo mkali. Midomo ya Oddgeir inacheza. Anauvuta mfuko kuelekea nyumbani. Hallvardur hauachii. Wala haondoki —